Arkedi: njia ya maduka iliyoezekwa

Arkedi ni njia ya waenda kwa miguu iliyoezekwa, mara nyingi kwa vioo, yenye maduka kushoto na kulia, inayopenya katikati ya majengo na kutokea mtaa wa pili. Huko kutokea mtaa wa pili ndiko kunakoitofautisha na jengo la maduka la kisasa. Jengo hilo unaliendea kwa kusudi la kununua. Arkedi unaipita kwa kuwa inakufupishia njia, na ukikumbuka kwamba nyumbani uzi umekwisha, unaingia dukani.

Zilishamiri Paris mwanzoni mwa karne ya 19, na sababu kubwa ilikuwa tope. Mitaa mingi haikuwa na njia za miguu pembeni, maji machafu yalipita katikati, na magari ya farasi yalimrushia uchafu kila aliyetembea kwa miguu. Arkedi ya Passage des Panoramas ilipofunguliwa mwaka 1800, mtu aliweza kusimama mbele ya dirisha la duka atazame bidhaa apendavyo, bila kugeuka nyuma kuangalia farasi. Kufikia 1817 ilikuwa na taa za gesi, mitaa ya jiji ikiwa bado haijazipata.

Bado ipo. Ukitokea upande wake wa kaskazini unavuka Boulevard Montmartre na kuingia Passage Jouffroy, ya miaka ya 1840. Ukiimaliza, unavuka mtaa mdogo na kuingia Passage Verdeau. Arkedi tatu mfululizo! Unapita wauza stempu za zamani, wauza vitabu vilivyokwishasomwa, migahawa iliyotoa meza hadi njiani, hata hoteli. Mvua unaisikia tu juu ya vioo.

Kuanzia 1853 Haussmann, kiongozi wa serikali aliyesimamia jiji, alipanua barabara za Paris na kuzipa njia pana za miguu, kisha yakaja maduka makubwa kama Le Bon Marché. Arkedi nyingi zikadorora, nyingine zikabomolewa.

Si zote zilizokuwa za kila mtu. Burlington Arcade ya London, iliyofunguliwa 1819, ina walinzi wake wenye sare, na kupiga mluzi humo ni marufuku. Mimi naipenda zaidi ile ya Milan, Galleria Vittorio Emanuele II, kwa sababu wakazi huikatiza wakitoka uwanja wa kanisa kuu kwenda ukumbi wa opera wa La Scala. Na Osaka, Japani, kuna Tenjinbashi-suji, yenye urefu wa kilomita 2.6 hivi, ambako watu wa mtaani hununua mboga na samaki wa chakula cha jioni.