Patasi ya mshazari haina jini

Ukianza tu kukereza mbao, yaani kuichonga ikizunguka kwenye mashine, utaambiwa ile patasi bapa yenye makali ya mshazari ni hatari, inakamata mbao ghafla bila sababu, bora ukwangue na patasi nyingine umalizie na msasa. Sababu ipo bwana, na karibu kila mara ni ileile.

Mbao inazunguka ikishuka upande wako, patasi imekaa juu ya kiegemeo, kile chuma cha kuishikilia mbele ya mbao. Sasa ukikatia karibu na ile ncha ndefu ya juu, pale chini yake hamna kinachoibeba, mbao inaivuta, patasi inapinduka mkononi na unabaki na mchirizi unaozunguka mguu wa kiti kama nyuzi za skrubu. Ukikatia nusu ya chini ya makali, ubapa ulionolewa ukiwa umelala kwenye mbao, inatulia kabisa na maranda yanatoka membamba kama ganda la kitunguu (msasa wenyewe utausahau). Ncha ndefu ina kazi yake, kuchora mifereji ya V.

Mazoezi chukua paina, unene inchi moja na nusu hivi, upande wa mota weka senta (kile kipande kinachoshika na kuzungusha mbao) ya kikombe isiyo na meno, usiikaze sana, ukikosea mbao inasimama tu haipigani na wewe. Laza ule ubapa kwanza bila kukata, inua mpini pole pole mpaka maranda yaanze, simama hapo hapo. Na inoe, patasi butu unailazimisha, na ukiilazimisha ndo inapotoroka.