Akriliki ikipasuka, si kwa sababu ni mabaki

Juzi kijana mmoja, fundi mwenzangu wa Kijenge, kaniletea mlango wa kabati la maandazi alioutengeneza kwa kipande cha akriliki, ile plastiki ngumu angavu kama kioo, cha unene wa milimita 4 alichopata kwa watu wa mabango. Kila tundu la skrubu limezungukwa na nyufa nyembamba kama nywele, na ukingo mmoja nao umejaa.

"Kaka, haya mabaki yameshachoka. Bora ninunue shiti mpya."

Neno hili nalisikia karibu kila wiki, na linaniudhi, maana vipande vizuri vinatupwa bure. Akriliki haichoki kwa kukaa stoo. Nikamuuliza aliisafisha na nini. Spiriti, ili alama za vidole zitoke.

Hapo ndipo penye kesi. Leza, yaani mashine inayokata kwa mwanga mkali, inapokata, ukingo unayeyuka. Ukipoa unataka kunywea, lakini sehemu ya ndani ambayo haikupata moto haiufuati, kwa hiyo ukingo unabaki umevutwa, japo kwa macho unang'aa vizuri tu. Drili ikipasha tundu joto, mambo ni yale yale. Spiriti ikigusa mahali palipovutwa hivyo, inapenya na nyufa zinafunguka, pengine dakika hiyo hiyo, pengine kesho yake. Shiti mpya ukiikata kwa leza na kuifuta kwa spiriti itafanya vivyo hivyo! Mabaki yanasingiziwa kwa sababu mengi yanatoka kwenye leza, na kingo zake zimeshavutwa kabla hujayagusa.

Futa kwa maji na sabuni. Gundi ya stika itolewe kwa mafuta ya taa, kisha uoshe. Ukingo wa leza mimi naukata kwa msumeno milimita chache, napiga msasa. Njia nyingine ni kukipasha kipande kwenye oveni nyuzi 80 kwa saa kadhaa, kisha kipoe humo humo taratibu. Ila swichi za oveni za nyumbani hazisemi kweli. Nimeshapindisha vipande viwili vizuri kwa kuziamini.

Biti ya drili ya kutobolea chuma inauma kwa pupa, basi ipunguze makali kwa jiwe, weka ubao chini, usikandamize. Tundu liwe pana kuliko skrubu: shiti ya mita moja hutanuka zaidi ya milimita moja joto likipanda nyuzi 20, na asubuhi ya Julai hapa Arusha si sawa na jua la saa saba. Supaglu iacheni, inaacha ukungu mweupe kwenye kiungo.

Vitabu vinatenganisha akriliki ya kumimina na ya kusukumwa kwa mashine, eti ya kwanza hutoa unga ukiikata, ya pili hunata kwenye msumeno. Kwa shiti nyembamba angavu bado nakosea, hivyo najaribu kwanza kwenye pembe.

Mlango wa kijana tumeukata upya kutoka kipande kile kile, ukapungua sentimita tatu. Leo ni siku ya tano, haujapasuka.