Sinema za mpelelezi na mbwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Husemwa kwamba Turner & Hooch ya Tom Hanks iliiga K-9 ya James Belushi. Tarehe zinakataa. K-9 ilitoka tarehe 28 Aprili 1989, na Turner & Hooch ikatoka tarehe 28 Julai mwaka huohuo. Miezi mitatu haitoshi kuandika hadithi, kufunza mbwa, kupiga picha na kuhariri. Kampuni za filamu zilizozitengeneza, Universal ya K-9 na Touchstone ya Disney ya Turner & Hooch, zilikuwa kila moja na kazi yake mezani.

Kosa linaloniuma zaidi ni kumwita Hooch mbwa wa polisi. Mbwa wa polisi ni Jerry Lee, yule German Shepherd wa K-9. Hooch ni mbwa wa mzee Amos. Mzee anapouawa, mbwa ndiye shahidi wa mauaji. Turner, mpelelezi anayechezwa na Hanks na anayependa usafi kupita kiasi, analazimika kumpeleka nyumbani kwake, na nyumba inavurugika. Kuna mahali anamsihi mnyama asile gari! Utamu wote uko hapo: Turner hana amri hata moja ambayo Hooch ataitii. Ukimfanya askari, umeua kichekesho.

Na yale mate anayodondosha Hooch katika sinema si mbwembwe za waandishi. Hooch ni Dogue de Bordeaux, mbwa wa asili ya Ufaransa mwenye midomo mizito inayoning'inia, na mbwa wa namna hiyo hudondosha mate kweli.

Wengine huamini mbwa wa kunusa dawa za kulevya hulishwa dawa hizo mpaka azizoee. Si kweli, na zingemuua. Hufunzwa kwa mchezo: akiipata harufu, anarushiwa mpira au taulo la kuvutania. Anachotafuta ni mpira wake.

Katika K-9, Dooley, mpelelezi anayechezwa na Belushi, anaazimwa mbwa na papo hapo wanaingia kazini. Kwenye vikosi halisi, askari na mbwa hufunzwa pamoja kwa wiki nyingi kabla ya kupangiwa zamu, na mara nyingi mbwa huishi nyumbani kwa askari huyo.

Tena wapo wanaodhani mbwa wa sinema hana analofanya zaidi ya kuwa mbwa. Beasley, aliyecheza kama Hooch, alifunzwa na Clint Rowe. Mbwa wa kuigiza hufuata ishara za mkufunzi aliyesimama nje ya picha, na anaporuka kumng'ata "mhalifu", kwake ule ni mchezo aliourudia mara nyingi. Mtazame macho: mara nyingi hayamwangalii mwigizaji mwenzake, yanamtafuta mkufunzi.