Teria kijana anaanza kazi lini? Yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ana miezi sita, meno yametimia, na jana kamuua panya uani. Nianze naye kazi?" Karibu kila anayefuga teria kwa mara ya kwanza huuliza hivyo, na majibu anayopewa mengi ni ya kurithishana: huyu aliambiwa na yule, yule aliambiwa na mwingine, na hakuna aliyekaa akamtazama mbwa mwenyewe. Kwa wasiomjua, teria ni jamii ya mbwa wadogo waliozalishwa, wengi wao Uingereza, kwa ajili ya kumaliza panya na kumfuata mbweha hadi ndani ya shimo. Hata jina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Jack Russell, Border, Lakeland, Cairn, wote ni wa ukoo huo.

Nianze na dhana inayoharibu mbwa wengi kuliko nyingine zote.

"Meno yakitimia, mbwa yuko tayari."

Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utotoni. Huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne, na kufikia mwezi wa sita au wa saba huwa ameota meno 42 ya kudumu. Ni kweli kwamba kabla ya hapo hana biashara na panya. Fizi zinauma, chonge mpya bado hazijasimama vizuri, na mbwa anayeumia kila akiuma atajifunza kutouma.

Lakini meno yakitimia, yametimia meno tu. Mifupa mirefu ya miguu bado inakua kwenye ncha zake, kwenye gegedu laini ambayo kwa mbwa wadogo wengi huja kukomaa kati ya mwezi wa nane na wa kumi na mbili. Kuchimba nusu saa mfululizo na kuruka kutoka juu ya marobota ya nyasi ni mizigo inayoangukia hapohapo. Mbwa hatakwambia kwamba anaumia. Teria ana tabia mbaya ya kuficha maumivu pale kazi inapomnogea, kwa hiyo utakuja kuona anachechemea kesho yake.

Kisha kuna kifua, ambacho wengi hawakifikirii kabisa. Wenye uzoefu hukipima kwa viganja viwili, nyuma tu ya miguu ya mbele, kuona kama vidole vinakutana. Wanachokitafuta ni mbwa anayeweza kupita mahali mbweha anapopita. Sasa, mbwa wa miezi saba hupita popote kwa sababu bado ni ubao mtupu. Kifua chake kitaendelea kujaa hata baada ya urefu kusimama, pengine hadi mwaka wa pili. Ukimzoesha kujitosa kila tundu akiwa mwembamba, siku moja atajitosa kwa ujasiri uleule akiwa na mwili mwingine, na atakwama.

Kwa hesabu yangu, panya wachache kwa muda mfupi anaweza kuanza nao akiwa na miezi minane hadi kumi, kama mengine yote yako sawa. Kuingia chini ya ardhi kusiwe kabla ya mwaka mmoja, na wapo wengi ambao ni heri wasubiri hadi mwaka na nusu. Hata hivyo, umri ni kizingiti tu. Kuna wanaokivuka na bado hawajawa tayari.

"Mbona kwenye mashindano wanaruhusu wa miezi sita?"

Wanaruhusu, ndiyo. Majaribio ya teria yanayosimamiwa na American Kennel Club huko Marekani hupokea mbwa kuanzia miezi sita. Tazama kinachofanyika huko, lakini. Njia ni ya mbao, upana na kimo chake sentimita 23 hivi. Kwa anayeanza ina urefu wa mita tatu na kona moja tu. Mwishoni kuna panya ndani ya kizimba ambao mbwa hawezi kuwafikia. Hakuna kuumwa, hakuna udongo wa kuporomoka, na mfuniko unafunguliwa wakati wowote. Kama darasa la kwanza ni zuri sana, na ningependa kila teria alipitie. Ila mtoto aliyefaulu darasa la kwanza humkabidhi usukani wa lori?

"Aliye mkali kuliko nduguze ndiye atakayeanza mapema."

Ukali wa mtoto wa mbwa kwa nduguze ni ugomvi wa chakula na nafasi. Kazini hausaidii sana. Kinachotafutwa ni mbwa anayetumia pua, anayesimama mbele ya tundu na kulikazia macho, asiyeyumbishwa na kila sauti. Tena mara nyingi yule mkali ndiye wa kucheleweshwa, kwa kuwa atajirusha kabla hajajua kujilinda.

John Russell, kasisi wa Uingereza ambaye Jack Russell wamepewa jina lake, alianza ukoo wake na jike mmoja aliyeitwa Trump, aliyemnunua mwaka 1819. Mbwa aliowataka hawakuwa wauaji. Aliwataka wa kumbwekea mbweha shimoni na kumsumbua hadi atoke nje. Kazi ya chini ya ardhi ni kazi ya sauti na akili, na mbwa anayeng'ang'ania kupigana huko hurudi na uso uliochanika, au harudi.

Hapo kuna jambo la kuangalia kwa kijana wako: je, anabweka kwa sababu amepata kitu, au anabweka kwa sababu shimo linamsisimua? Vijana hudanganya. Atalifokea tundu tupu dakika kumi, wewe unachimba, huna ulichopata. Mbwa anayefanya hivyo hana kosa kubwa, ni mchanga tu. Mwondoe bila kumfokea na umrudishe baada ya miezi miwili. Ukimsifu siku ya uongo wake, umemfundisha kazi ya uongo.

"Mpe adui mkubwa mapema, atakomaa."

Hii niliwahi kuiamini. Nilikuwa na jike wa miezi saba, mwepesi, mwenye hamu ya kila kitu. Nikampeleka ghalani penye panya wakubwa wa kahawia, na wa kwanza aliyemshika akamgeukia akamng'ata mdomo wa juu, akaning'inia hapo. Jeraha lilikuwa dogo. Ila kwa miezi mitano iliyofuata yule mbwa alikuwa akinusa panya anageuza shingo, ananitazama mimi. Nilianza naye upya kama mtoto: kitambaa chenye harufu ya panya kikiburutwa kwenye majani, kisha panya ndani ya kizimba, kisha panya mmoja mdogo akiwa na nafasi ya wazi ya kumdaka. Alikuja kuwa mbwa mzuri, lakini muda niliodhani nimeuokoa niliulipa mara mbili.

Panya mkubwa ana meno yanayoweza kutoboa ulimi na sikio, na kidonda cha tundu dogo hujifunga juu huku chini kinatunga usaha. Mbwa aliyekomaa huichukulia kama kero ya kazi. Kijana huichukulia kama habari kuhusu dunia, na habari za kwanza hazifutiki kirahisi.

"Ukimfundisha utii, unamuua ari."

Sijui nani aliyeanzisha neno hili, ila nadhani alikuwa mtu asiyependa kufundisha. Ari ya teria ni ya damu. Vizazi na vizazi vya uteuzi haviwezi kufutwa na "njoo" na "kaa". Kinachokosekana kwa teria wengi ni breki.

Kabla ya panya wa kwanza, mbwa aje akiitwa hata kama kuna kinachomvutia. Aachie kitu mdomoni akiambiwa. Akae amefungwa kamba huku mbwa mwingine anafanya kazi mbele yake, bila kujinyonga kwa kelele. Na awe amezoea kondoo, kuku na paka kiasi cha kuwapita kama anavyopita ukuta. Hili la mifugo halisubiri umri wa kazi. Dirisha la mtoto wa mbwa kuipokea dunia bila woga liko wazi zaidi kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, na aliyekulia karibu na kuku katika wiki hizo, akisimamiwa, huwa na shida ndogo baadaye. Mzoeshe pia kelele za majembe, mashine na watu wengi, kwa sababu siku ya kazi vyote vitakuwapo.

Mwenye mbwa asiyeitika hana haja ya kuniuliza kuhusu miezi.

"Mwachie mbwa mzee amfundishe."

Nusu ni kweli. Kijana hujifunza kutazama wapi na kungoja wapi kwa kumwona mwenzake. Lakini hujifunza pia kila tabia mbovu ya mzee, na wengine huzoea kuwa wa pili: mzee anadaka, yeye anashangilia. Mbaya zaidi ni wawili wanaogombania panya mmoja, wakaishia kuumana wao. Mpe kijana dakika zake peke yake, mzee akiwa garini.

Chini ya ardhi wawili kwa pamoja ni hatari, maana wa nyuma humziba wa mbele njia ya kurudi. Sheria ya uwindaji ya mwaka 2004 ya Uingereza na Wales, ambayo imebana sana kazi hii, inaruhusu mbwa mmoja tu shimoni kwa wakati mmoja, tena kwa masharti kadhaa. Popote ulipo, soma sheria za kwenu kuhusu wanyamapori kabla hujamfungua mbwa.

"Akifika mwaka bila kuonyesha kitu, hafai."

Hapana. Border wana sifa ya kuchelewa kuamka, na nimeona mbwa waliolala hadi miezi kumi na minane, kisha wakaamka asubuhi moja kana kwamba wamewashwa taa. Jike akipata joto la kwanza, kwa kawaida kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, akili huhama kwa wiki kadhaa na si wakati wa kumpima. Mradi mbwa ni mzima, anakula, anapenda kunusa na haogopi, mpe muda.

"Chanjo ni za mbwa wa ndani."

Kinyume chake. Mkojo wa panya hubeba leptospirosi, homa ya mgunda, inayoharibu ini na figo za mbwa na inayoambukiza binadamu pia. Chanjo yake hutolewa kwa dozi mbili zinazopishana kwa wiki kadhaa, kisha kila mwaka. Mbwa asiyekamilisha hayuko tayari hata awe na miaka mitatu. Na uliza kwanza kama mahali unapokwenda pamewekwa sumu ya panya. Nyingi huzuia damu kuganda, na mbwa aliyekula panya mwenye sumu, au chambo chenyewe, anaweza kuonekana mzima siku tatu nne kabla ya kuanza kuvuja damu ndani.

Siku ya kwanza ikifika, iwe fupi: robo saa, mahali padogo, panya wachache, kamba mkononi. Mtoe bado anataka kuendelea. Mpe maji, mkague midomo, ulimi, ndani ya masikio na katikati ya vidole, safisha kila tundu la jino utakaloliona, kisha umwache alale. Kesho yake usimrudishe hata akikuletea kamba mlangoni.