Mvua ya Tindikali Ikishakula Rangi ya Gari

Gari limeoshwa, limekaushwa, limeingizwa kivulini, na yale maduara yaliyoachwa na mvua bado yapo kwenye boneti. Mwenye gari analiosha tena kwa sabuni kali zaidi. Anajaribu dawa ya meno kwa sababu kuna mtu kamwambia inasaidia. Akifika kwangu ameshachoka, na swali lake huwa moja: "Fundi, hili doa linatolewa na nini?"

Jibu langu huwashangaza wengi. Hapo hakuna doa la kutoa. Hapo kuna shimo.

Doa ni kitu kilichoongezeka juu ya rangi, kwa hiyo unaweza kukiyeyusha au kukifuta. Kovu la tindikali ni sehemu ya rangi iliyoondoka, na kilichoondoka hakirudishwi na sabuni wala nta. Njia ni moja tu: kuishusha rangi yote iliyozunguka shimo mpaka ilingane na chini ya shimo, au ikaribie hapo. Ndiyo maana kabla ya kuuliza utatumia dawa gani, uliza kwanza una rangi kiasi gani ya kupunguza.

Gari la kisasa lina praima, yaani rangi ya msingi, juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha klia, ile vanishi isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Kwenye gari lililotoka kiwandani, tabaka zote kwa pamoja mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 150 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Klia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa karibu mikroni 70, kwa hiyo klia yote unayoitegemea kwa maisha yote ya gari ni nyembamba kuliko unywele. Nikiwa na mashine ya kupolishi mkononi, picha hiyo hainitoki akilini.

Sasa mvua yenyewe. Moshi wa makaa ya mawe, mafuta mazito na injini hupeleka angani dioksidi ya salfa na oksidi za nitrojeni. Zikikutana na maji na oksijeni, zinageuka kuwa asidi ya salfuri na asidi ya nitriki. Mkemia Robert Angus Smith alilieleza jambo hili kwa kuchunguza mvua ya Manchester mwaka 1852, wakati magari hayajakuwepo. Hata mvua safi ina uchachu kidogo, pH ya karibu 5.6 (pH ni kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu unapanda), kwa sababu hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani. Mvua ya tindikali huweza kushuka mpaka 4.2 au 4.4. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye kipimo hiki kila hatua moja ni mara kumi.

Hata hivyo, tone likianguka tu haliunguzi. Kazi inafanyika linapokauka. Maji yanaondoka, asidi ya salfuri haiondoki nayo, na tone linavyozidi kupungua ndivyo tindikali inavyozidi kuwa kali. Wakati huohuo jua linaichemsha boneti, na boneti nyeusi hupata moto kuliko nyeupe. Klia nyingi zimeshikamanishwa kwa viungo vya melamini, kemikali inayoikaza klia. Tindikali na joto vikikutana hukata viungo hivyo, na pale palipokatwa klia inabonyea. Kwa sababu hiyo manyunyu madogo au umande unaofuatwa na jua kali ni hatari kuliko mvua kubwa ya saa nzima. Mvua kubwa inajiosha yenyewe. Watengenezaji wa rangi wanalijua hili vizuri: kwa miaka mingi wamekuwa wakipeleka vibao vya majaribio Jacksonville, Florida, na kuviacha nje majira yote ya joto ili waone klia ipi inaliwa na ipi inastahimili. Klia za siku hizi zimekuwa bora kwa sababu ya majaribio kama hayo, ila bado zinaliwa.

Ukitaka kuona madhara, usisimame mbali. Ingiza gari ndani, zima taa za juu, shika tochi pembeni ya boneti, halafu inama mpaka jicho lako liwe karibu usawa na bati. Utaona duara lisilo kamilifu, kama alama ya kikombe kidogo, na mara nyingi ukingo wake umeliwa kuliko katikati. Mwanga ukifika kwenye ukingo ule unavunjika na kung'aa. Kumbuka hilo, nitalirudia. Makovu haya yapo hasa kwenye boneti, paa na buti, maana huko ndiko maji yanakotuama. Ukiyakuta mlangoni tu, shuku kitu kingine.

Kuna kipimo rahisi ambacho sikiruki kamwe, kwa sababu madoa ya chokaa yanafanana sana na makovu. Ninaosha gari kwa shampuu isiyo na uchachu wala magadi. Nachanganya siki nyeupe na maji yaliyochujwa madini, nusu kwa nusu, nalowesha kitambaa cha maikrofaiba na kukilaza juu ya alama kwa dakika moja au mbili, rangi ikiwa imepoa. Kisha nasuuza kwa maji mengi. Alama ikipotea, ilikuwa chokaa, kazi imeisha na hakuna haja ya mashine. Ikififia lakini duara likabaki, vilikuwa vitu viwili: chokaa juu, kovu chini. Isipobadilika kabisa, rangi imeliwa. Siki hapa ni ya kutambua na kuyeyusha chokaa. Usiiache ikauke juani, maana nayo ni tindikali.

Baada ya hapo napitisha udongo wa kusafishia rangi, donge laini linalonasa uchafu, pamoja na kilainishi chake. Chembe za chuma na lami zikiachwa, sponji ya mashine itaziburuta na kuchora mistari mipya.

Halafu kipimo cha unene. Fundi anayeanza kupiga kampaundi, yaani dawa kali ya kusaga rangi, bila kipimo anabahatisha na mali ya mtu. Napima sehemu nyingi za kila bati na kuandika. Kipimo cha kawaida kinasoma jumla ya tabaka zote, hakikwambii klia ni kiasi gani, kwa hiyo ninachotafuta ni tofauti. Boneti ikisoma 115 kila mahali na kona moja ikasoma 85, kona ile imeshapigwa na mtu kabla yangu. Ikisoma zaidi ya 200, huenda imepakwa upya, na rangi iliyopakwa upya huwa na tabia yake. Bampa za plastiki hazisomeki kwa vipimo vingi, na huko nakuwa mpole maradufu.

Najaribu kwanza kwenye mraba mmoja mdogo niliouzungushia tepu ya karatasi. Naanza na kilicho laini: sponji laini na polishi nyembamba, mashine ya mzunguko wa mtikisiko (sponji inazunguka huku ikitikisika), mkono ukienda taratibu, mapito manne hadi sita yanayopishana. Nafuta, napangusa na spiriti iliyopunguzwa kwa maji, narudisha tochi. Makovu mepesi hutoka hapo. Yasipotoka, nabadilisha sponji kabla ya kubadilisha dawa: ngumu zaidi kwanza, kisha kampaundi, kisha padi ya maikrofaiba. Padi ya manyoya ni ya mwisho. Polishi laini huondoa kama mikroni moja au pungufu. Kampaundi na padi kali inaweza kuondoa mbili hadi nne, na haraka kuliko unavyodhani.

Ile hatua ya kupangusa na spiriti wengi huiona ya kupoteza muda. Polishi nyingi zina mafuta, na mafuta yanajaza shimo. Gari linatoka likiwa kioo, mwenyewe anafurahi, wiki mbili baadaye makovu yamerudi yote, kwa sababu hayakuwahi kuondoka. Kuna jingine la hila zaidi: klia ikipata joto la mashine huvimba kidogo na kuficha kovu, kisha ikipoa kovu linajitokeza tena. Kwa hiyo kwenye kazi ngumu naliacha gari lilale, nalikagua kesho yake ndipo nasema limeisha.

Kwa kovu moja moja lenye kina kirefu kuna msasa wa maji. Natumia namba 3000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi), kipande kidogo juu ya kibao laini, maji mengi, mikwaruzo michache, napima, nasimama. Namba 2000 naigusa mara chache mno. Msasa unafaa pale kovu ni moja au mawili. Ukijikuta unataka kusaga boneti nzima, weka msasa chini na ufikirie upya.

Kwa sababu hapo ndipo penye madhara makubwa kuliko ya mvua. Klia ina viambato vinavyozuia mionzi ya urujuanimno, na kila mikroni unayoondoa inapunguza kinga hiyo. Ukiipunguza mno leo gari litang'aa. Miaka michache baadaye klia itageuka nyeupe kama chaki na kuanza kubanduka, na hapo hakuna polishi itakayosaidia ila kupaka upya. Niliwahi kuletewa gari jeusi lililotoka kwa fundi mwingine akilifukuza kovu moja karibu na mkunjo wa boneti kwa mashine ya mzunguko wa moja kwa moja na padi ya manyoya. Kovu lilikuwa limetoka kweli. Lakini kwenye mkunjo, mahali ambapo rangi huwa nyembamba siku zote, palikuwa na mstari wa kijivu wenye urefu wa kidole: klia na rangi vyote vimekwisha, praima inachungulia. Mwenye gari alikuwa anauliza kama naweza kuipolishi ipotee. Ilinibidi nimwambie ukweli, na uso wake ulivyobadilika sijausahau. Tangu siku hiyo kila mkunjo na kila ukingo naufunika kwa tepu kabla mashine haijawashwa.

Kanuni yangu mwenyewe ni kutoshusha bati lolote zaidi ya mikroni tano kwa jumla. Kovu likiwa na kina kuliko hapo, silifukuzi mpaka chini. Nalainisha ukingo wake. Kinachokamatwa na jicho ni ule ukingo mkali unaovunja mwanga. Ukishaviringika, shimo linabaki lakini mwanga unateleza juu yake, na ukisimama wima mchana hulioni. Hii siyo kazi nusu. Ni klia iliyobaki mahali pake.

Kinga inafuata: nta, silanti (kinga ya kemikali inayopakwa kama nta) au mipako ya kauri. Kauri hudumu zaidi, ila isikudanganye kuwa gari halitaliwa tena. Maji husimama juu yake kama shanga, na shanga ikikauka juani inakuwa na tindikali ileile. Kinga inakununulia muda wa kufika na maji. Kilicho bora kuliko vyote ni kulimwagia gari maji safi baada ya manyunyu, kabla jua halijapanda, na kulikausha.

Nikirudisha gari, nainama na mwenyewe pembeni ya boneti na tochi, namwonyesha yale makovu mawili matatu niliyoyaacha kwa makusudi na sababu yake. Kisha nampa karatasi yenye namba za unene za kila bati, kabla na baada, aiweke ndani ya gari kwa ajili ya fundi atakayelishika baada yangu.