Shimo la changarawe linavyodaiwa maji Colorado

Ukichimba changarawe kando ya mto South Platte, kati ya Denver na Greeley, maji utayakuta mapema. Bonde lote limejaa mchanga na changarawe zilizoshiba maji, na maji hayo ndiyo yanayoulisha mto. Shimo likifika hapo linageuka bwawa. Hakuna pampu iliyowashwa wala bomba lililofunguliwa, lakini jua la Julai limeshaanza kuyachukua. Kisheria huo ni utumiaji wa maji, na mwenye machimbo lazima ayarudishe. Kukokotoa deni hilo ndiyo kazi yangu.

Jimbo la Colorado, Marekani, linafuata kanuni ya aliyetangulia. Imo katika katiba ya jimbo ya 1876, na Mahakama ya Juu ya jimbo iliithibitisha mwaka 1882 katika kesi ya Coffin dhidi ya Left Hand Ditch. Mkulima ambaye haki ya mfereji wake ni ya 1866 anachukua fungu lake lote kabla mwenye haki ya 1950 hajapata tone. Mto ukipungua, mwenye haki kongwe anatoa mwito, yaani anadai fungu lake litimie, na kamishna wa maji anawafungia waliokuja baada yake. Upungufu haugawanywi. Msomaji wa Tanzania aliyezoea kibali cha bodi ya maji ya bonde ataona sheria hii ni kali, na ni kali kweli. Bwawa la machimbo lililofunuliwa juzi liko mwisho kabisa wa foleni.

Wachimbaji walibisha kwa miaka kwamba wao hawachoti maji. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ikaumaliza ubishi huo: shimo la changarawe linalofunua maji ya ardhini ni kisima, basi linahitaji kibali cha kisima na mpango wa kufidia, yaani wa kuurudishia mto maji yaliyopotea. Mwaka uliofuata Bunge la jimbo likawasamehe fidia ya uvukizi wale waliofunua maji kabla ya 1981. Mabwawa hayo ya zamani yapo hadi leo na yanavukiza kama mengine. Kwa maoni yangu ule ulikuwa msamaha wa kisiasa. Mto haukusamehewa chochote.

Kiasi chenyewe si kigumu kukipata. Chukua bwawa la hekta 4 na uvukizi wa mita 1 kwa mwaka, kadirio lisilo mbali na hali ya huko: mita za ujazo 40,000. Punguza maji ya mvua ambayo nyasi na miti ya pale ingeyanywa hata kama shimo lisingechimbwa. Punguza pia majira ya baridi ambapo barafu hufunika bwawa. Kisha ongeza maji ya kutuliza vumbi barabarani, na yale yanayoondoka ndani ya lori: changarawe iliyooshwa huhesabiwa kubeba maji asilimia 4 ya uzito wake, yaani tani 100,000 zikiuzwa, tani 4,000 za maji zimekwenda nazo.

Ugumu uko kwenye wakati. Maji yaliyovukizwa Julai hayapungui mtoni siku hiyo. Bwawa likiwa mbali kidogo na ukingo, pengo linasafiri polepole chini ya ardhi na kufika mtoni kwa mafungu, mengine Septemba, mengine Januari. Sisi tunakadiria safari hiyo kwa fomula ya Glover, tukiingiza umbali wa bwawa hadi mtoni na jinsi ardhi inavyopitisha maji. Fidia lazima ifike mwezi ule pengo linapofika, tena imwagwe mtoni kabla ya mahali mfereji wa yule aliyetoa mwito unapochota. Ukiyamwaga chini yake hujamlipa.

Hapo ndipo mipango mingi hukwama. Mchimbaji ananunua hisa za kampuni ya mfereji, analikausha shamba lililokuwa likimwagiliwa kwa hisa hizo, na anapewa kile tu ambacho mazao yalikunywa, kwa sababu maji mengine yalikuwa yakirudi mtoni na yana wenyewe. Lakini mfereji hutoa maji kiangazi tu. Deni la Januari lipo palepale, na wenye mabwawa makubwa wanaojaza majira ya baridi wanaweza kutoa mwito wao pia. Kwa hiyo anakodi maji ya mji, yaani majitaka yaliyosafishwa ambayo asili yake ni ng'ambo ya milima ya Rocky. Maji yaliyovushwa milima mji unaruhusiwa kuyatumia tena hadi yaishe, na mtambo wa kusafisha unayatoa mwaka mzima. Mkataba wa namna hiyo una mwisho wake.

Bwawa halina mwisho. Lori la mwisho likiondoka, mauzo yanakoma lakini uvukizi unaendelea. Ndiyo maana kibali cha muda cha Mhandisi wa Jimbo, afisa anayesimamia maji ya jimbo, hakitoshi milele. Mwishowe utafika Mahakama ya Maji, ambayo kwa South Platte iko Greeley, ukiwa na maji ya kudumu mkononi. Vinginevyo fukia shimo, au lizungushie ukuta wa udongo na bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) unaoshuka hadi kwenye mwamba, ili maji ya ardhini yasiingie. Shimo likifaulu jaribio la kuvuja, linahesabiwa kuwa tanki. Miji inayagombania sana mashimo hayo kwa kuhifadhia maji, na Denver inayo kadhaa kaskazini mwa mji. Ila jirani wa upande wa juu achunguze mapema kina cha maji shambani kwake: yakizuiwa na ukuta, maji hupanda upande huo, na visima vya upande wa chini hushuka.