Kikomo cha kaboni hakihesabu ng'ombe wako

Pale soko la Kongowea, Mombasa, bado utawasikia watu wakisema kwamba sera ya kuwekea kaboni kikomo na kuuziana vibali vya kutoa moshi wenye kaboni itamlipisha mkulima kwa kila ng'ombe. Sivyo. Soko la vibali hivyo la Umoja wa Ulaya, lililoanza 2005, linabana mitambo ya umeme, viwanda na, baadaye, ndege; shamba halimo. Mkulima huguswa kupitia bei. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia, na kiwanda kinacholipia moshi wake kinaweza kupandisha bei ya gunia. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kwa mwenye ekari mbili kule Kilifi. Kuuza kaboni ya miti, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti inainyonya hewani, ni jambo jingine: kwenye ardhi ya jamii, sheria ya Kenya ya 2023 inawapa wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato.